Nina sikoseli, natumia haidroksiurea, nataka kukaa Maskati miezi mitatu. Nijipange vipi?

BintiWaNgamiani ameuliza:

Assalamu alaykum, na habari zenu wote.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tanga, nina sikoseli ya SS, ile ya kurithi kwa baba na mama wote wawili, tangu kuzaliwa. Dada yangu ameolewa Maskati na anatarajia kujifungua mwishoni mwa Oktoba, inshaallah. Mama alishatangulia mbele ya haki, na khalati aliyekuwa aende kumhudumia mzazi kwenye arobaini yake, miguu haimruhusu tena. Nimebaki mimi. Shemeji yuko tayari kushughulikia viza na tiketi, nikae nao kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Januari, nirudi nyumbani kabla ya Ramadhani.

Nataka kwenda, na nawaomba msianze kunijibu kwa "bora ubaki". Hilo nimelisikia maisha yangu yote. Darasa likienda Lushoto, mimi nabaki kwa sababu ya baridi. Harusi ikiwa Dodoma, nabaki kwa sababu ya basi la kutwa nzima. Waliosema hivyo walinipenda, na kwa wakati ule walikuwa na haki, maana nilikuwa nalazwa mara kwa mara, magoti na mgongo vinauma mpaka siwezi kujigeuza kitandani, na nimeongezewa damu zaidi ya mara moja. Lakini tangu daktari aniweke kwenye haidroksiurea hali ni nyingine kabisa. Nakaa kwenye cherehani kutwa, nashona, na maumivu yakija mara nyingi yanaisha nyumbani kwa panadol, maji mengi na kulala. Nameza kapsuli mbili za miligramu 500 kila usiku, na foliki asidi asubuhi. HB yangu, yaani kiwango cha damu, inacheza kati ya 8 na 9.

Kinachonisumbua ni mipango. Kliniki wananipa dawa ya mwezi mmoja kila nikienda, na kila baada ya miezi miwili wanatoa damu kuangalia chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Sasa dawa ya miezi mitatu nitaipataje, na damu nitapima wapi? Nina pia tramadoli alizoniandikia daktari kwa siku maumivu yakizidi, nimeambiwa Uarabuni unaweza kukamatwa nazo. Bibi naye ana hofu ya ndege. Anasema huko juu hewa ni nyepesi na damu yangu haitaki hewa nyepesi. Sijui nimjibu nini, sijawahi kupanda ndege.

Aliyewahi kusafiri muda mrefu akiwa kwenye matibabu haya, au anayeishi Omani, naomba anieleze bila kunificha.

Kirumba_Mwanza:

Hongera dada kwa kuwa na moyo. Nenda, Mungu atakutangulia. Ushauri wangu, shirika la ndege usiwaambie kitu, wakijua unaumwa watakusumbua na makaratasi. Na hiyo dawa kama hutaipata yote usihangaike, mdogo wangu aliwahi kuipumzisha muda kidogo na hakudhurika. Kunywa juisi ya rozela kwa wingi, inaongeza damu.

Mfamasia_Morogoro:

Kaka wa Kirumba, najua umeandika kwa nia njema na nafurahi mdogo wako yuko salama, ila hapo kwenye kupumzisha dawa sikubaliani nawe. Haidroksiurea inaufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni, ile anayozaliwa nayo kila mtoto, na hiyo ndiyo inayozuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Ukiacha kumeza, inashuka wiki hadi wiki. Mtu hajisikii kitu mwanzoni, ndiyo maana anadhani hakudhurika. Maumivu yanakuja baadaye, na kwa binti huyu yatamkuta ugenini. Rozela ni kinywaji kizuri, anywe, lakini haifanyi kazi hiyo.

Binti, nenda kliniki sasa hivi, miezi miwili kabla, usisubiri wiki ya safari. Mwambie daktari tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kisha uombe dawa ya kipindi chote pamoja na wiki mbili za ziada, maana safari huahirishwa. Kliniki nyingi zikipewa taarifa mapema zinaweza kujipanga. Wakishindwa kukupa yote, waombe cheti ununue iliyobaki kwenye famasia inayoeleweka, ikiwa kwenye pakiti yake yenye jina na tarehe ya kuisha. Kapsuli zilizomwagwa kwenye mfuko wa kaki usizivushe mpaka na hizo.

Omba barua ya daktari kwa Kiingereza yenye muhuri. Iandike ugonjwa wako, jina halisi la kila dawa na kipimo chake, kundi lako la damu, HB yako ya kawaida ukiwa mzima, dawa zinazokudhuru kama zipo, na ukipatwa na maumivu makali huwa unatibiwa kwa nini. Nasisitiza hiyo HB ya kawaida. Daktari asiyekujua akiona 8 anaweza kukimbilia kukuongezea damu, kumbe 8 ndiyo wewe wa kila siku.

Dawa zote ziingie kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Begi kubwa linaweza kupotea, au likabaki kiwanja kingine siku tatu.

Kuhusu tramadoli, uliyoambiwa yana msingi. Nchi za Ghuba zinadhibiti vikali dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na kodeini na mofini, na hata abiria anayebadilisha ndege tu anaweza kuulizwa. Uliza ubalozi wa Omani kabla, upate jibu la maandishi kuhusu kibali na kiasi kinachoruhusiwa. Maoni yangu mimi ni kwamba kama daktari wako anaona unaweza kukaa na parasetamoli nyumbani na kwenda hospitali yakizidi, ziache Tanga. Haidroksiurea haimo kwenye kundi hilo la dawa za kulevya, hiyo beba na cheti chake.

Halafu hili ambalo huenda hukuliwaza. Nyumba unayokwenda ina kichanga na mama anayenyonyesha. Haidroksiurea ni dawa inayozuia chembe zisigawanyike, unga wake haufai kugusana na mjamzito, mama anayenyonyesha wala mtoto. Usifungue kapsuli, nawa mikono ukishaishika kabla hujambeba mtoto, na uifungie juu. Ikipasuka, ifute wewe mwenyewe kwa kitambaa kilicholowana ukiwa umevaa glavu, asije dada akaifuta. Na isiachwe ndani ya gari, jua la kule litaiharibu.

UmmSalim_Seeb:

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa huku, nipo Seeb, pembeni ya Maskati, na mwanangu wa pili ana ugonjwa huohuo na anameza dawa hiyohiyo. Nitakueleza kama ningemweleza yeye.

Kwanza ondoa hofu ya kudhani unakwenda mahali ambapo hawaujui ugonjwa wako. Omani wanaujua sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1995 ulipima watoto na kukuta karibu asilimia 6 wana kirithi kimoja cha sikoseli, yaani wanaibeba bila kuugua. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ina madaktari wa damu ambao kazi yao ya kila siku ni watu kama wewe. Na Kiswahili utakisikia mpaka wodini, maana familia nyingi zilirudi kutoka Zanzibar. Mimi mwenyewe nilipokuja na Kiarabu changu cha madrasa, muuguzi aliyempokea mwanangu alinisalimia kwa Kiswahili nikalia.

Lakini kuujua ugonjwa ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine. Wewe utakuwa mgeni. Matibabu ya serikali ni haki ya raia, mgeni hulipa, na hospitali binafsi huku siku moja ya kulazwa ni pesa nyingi. Kwa hiyo kabla shemeji yako hajanunua tiketi, akatafute bima inayokubali ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Bima nyingi za wasafiri zinautoa nje kimyakimya. Mtaje ugonjwa wako kwa jina kwenye fomu na mpate jibu la maandishi. Ukiuficha, siku ya kulazwa wataona barua ya daktari na watakataa kulipa. Kisha aende mwenyewe hospitali iliyo karibu na nyumba yao aulize wana daktari wa damu au hawana, na malipo ya kuanzia ni kiasi gani. Hiyo kazi ifanywe sasa, mtu asiye na homa ndiye anayeweza kuuliza vizuri.

Msimu umechagua vizuri. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, lakini Novemba hadi Januari Maskati mchana ni kama Tanga ya Julai, na usiku unahitaji sweta. Ninachokihofia kwako ni baridi, tena ya kutengenezwa na watu. Kiyoyozi cha gari, cha duka kubwa, cha sebule ya wageni. Unatoka juani una jasho, unaingia ndani unagandishwa. Tembea na shali kwenye mkoba wakati wote. Chumbani kwako omba kiyoyozi kisielekezwe kitandani.

Tena watakupenda, watataka kukutembeza. Huo ndio msimu wa watu kupanda Jabal Akhdar, na kule juu ni kama mita 2,000, na Jabal Shams inafika kama 3,000, hewa nyembamba na usiku baridi kali. Shams usiende. Akhdar muulize daktari wako, na ukienda iwe mchana na kurudi, umevaa soksi na kofia. Watakupeleka pia Wadi Shab kuogelea. Kaa ukingoni ule tende, maji baridi ya ghafla ni moja ya vitu vinavyomwangusha mwanangu kila mara. Usione haya kukataa. Huku neno "minjali", yaani sikoseli kwa Kiarabu, wanalielewa, wengi wana ndugu mwenye ugonjwa huo.

Sasa nikwambie lililo moyoni, kwa sababu wote wameongelea dawa na ndege. Wewe huendi kutalii, unakwenda kuhudumia mzazi. Mimi nimelea arobaini za watu na najua kazi yake. Ni kukesha na mtoto, ni kukanda, ni kufua nepi na nguo za damu, ni uji wa saa kumi alfajiri, na wageni kutwa, kila mmoja na mafua yake. Mwenye sikoseli akikosa usingizi na akasahau kunywa maji siku tatu mfululizo, anaanguka. Basi mwambie dada yako kabla hujaondoka, kwa mdomo wako na shemeji akisikia, kwamba utafanya lipi na hutafanya lipi. Mchana mpikie, mbembeleze mtoto, muogeshe. Usiku shemeji aamke yeye au watafute msaidizi, hata kama ni kwa zile wiki mbili za mwanzo. Kufua ifanye mashine, wewe usitie mikono kwenye maji baridi. Na chupa ya maji ikae karibu nawe, lita tatu kwa siku zisipungue. Ninajua tulivyolelewa, tunaona aibu kusema tumechoka nyumbani kwa watu. Hiyo aibu kwako ni hatari kuliko ndege.

Homa ikifika 38, usiku au mchana, usimeze panadol ukasubiri asubuhi. Bandama za watu wa SS kwa kawaida zimeshakufa, mwili haupigani na vijidudu ipasavyo. Nenda hospitali saa ileile, namba ya dharura ni 9999. Na ikiwa ni wiki za mwanzo, waambie umetoka Tanga kwenye malaria na uombe wapime. Huku malaria ni nadra, daktari anaweza asiiwaze upesi.

Ukija nitafute humu. Nitakupikia mkate wa kumimina.

Nyanza_SS:

Dada, mimi pia ni SS, niko Kisumu, na kazi yangu hunirusha Mombasa na nje ya nchi pia. Nikuambie kuhusu ndege.

Nyanya yako hajakosea. Ndani ya ndege hewa huwa kama uko mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Tofauti ni kwamba wewe umekaa tu, hupandi mlima. Mtu ambaye hali yake imetulia kwa kawaida husafiri bila shida. Ambaye haruhusiwi ni yule ametoka kwenye maumivu makali juzi, husemwa angoje kama siku 10 kwanza. Na HB ikishuka chini ya 7.5 wataalamu wa usafiri wa anga hutaka uchunguzi maalumu na pengine oksijeni. Kwa hivyo pima damu wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, na mwambie daktari aandike kwamba uko sawa kusafiri. Hapa sikubaliani na ndugu wa Kirumba, shirika likihitaji fomu ya matibabu ijazwe mapema, ijaze. Kusumbuliwa na karatasi ukiwa nyumbani ni heri kuliko kuzuiliwa langoni ukiwa na mizigo.

Kama kuna ndege ya moja kwa moja Dar hadi Maskati, ichukue hata kama bei iko juu kidogo. Addis uwanja wenyewe uko juu ya mita 2,300, na ukikwama pale usiku ni baridi. Omba kiti cha karibu na njia ndiyo uinuke utembee bila kusumbua watu. Vaa soksi za kubana miguu, damu yetu huganda haraka tukikaa muda mrefu. Chupa tupu ivushe ukaguzi uijaze ndani. Blanketi liombe mapema, huisha. Chai na kahawa kidogo tu.

Na safari yako inaanza Tanga, haianzii uwanjani. Saa sita za basi kisha ndege usiku huohuo ni mzigo. Lala Dar kwanza.

BintiWaNgamiani:

Nimesoma yote, nimemsomea na bibi. Ameuliza huyo mama wa Seeb ni ukoo wa nani Unguja.

Nimeshaenda kliniki. Daktari amekubali, ameandika barua, na famasia yao wamesema nikitoa taarifa mwezi mmoja kabla watanipa miezi mitatu na nusu. Tramadoli naziacha. Shemeji amepata bima moja iliyokubali kuandika sikoseli, ni ghali, lakini amesema ni sehemu ya tiketi. Na jana nimeongea na dada kuhusu kukesha. Niliogopa, ila alinyamaza kidogo akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi huo na hakujua ataniambiaje. Watamleta binti wa jirani alale pale usiku.

Limebaki la chanjo. Nimeambiwa niwe na kadi ya homa ya manjano na sikumbuki kama niliwahi kuchanjwa. Naweza kwenda bandarini wakanichoma tu? Na wakiamua kwenda Umra Desemba, naruhusiwa kuungana nao?

Mfamasia_Morogoro:

Usichome bila kumwambia daktari wako. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na haidroksiurea inaweza kupunguza chembe zako nyeupe, kwa hiyo haitolewi ovyo kwa mtu aliye kwenye dawa hii. Tafuta kwanza kadi ya zamani nyumbani, kwa sababu tangu 2016 cheti chake kinahesabiwa cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka 10. Ukiikosa, daktari apime faida na hatari, na kama haifai akupe cheti cha kusamehewa chanjo kwa sababu za kiafya. Uliza ubalozi kama watakipokea, kabla ya safari. Na usinunue kadi bila kuchomwa, najua zinauzwa.

Ya Umra ni nyingine. Saudi Arabia wanataka chanjo ya meninjaitisi ya aina nne, ACWY, nayo haina kijidudu hai. Wewe unaihitaji hata usipoenda Makka, pamoja na ile ya nimokoka, kijidudu cha nimonia, kwa sababu ya hiyo bandama aliyoieleza mama. Ichome angalau siku kumi kabla. Kwenye tawafu na sa'yi omba kiti cha magurudumu bila kuona vibaya, na nenda saa zisizo na msongamano.

BintiWaNgamiani:

Ahsante sana. La mwisho kabisa, kipimo cha damu kile cha katikati. Nikipima Maskati, majibu nimpe daktari wa kule au niyalete huku?

Mfamasia_Morogoro:

Yote mawili, lakini anayeamua dozi awe daktari wako wa Tanga. Pima wiki ya mwisho ya Oktoba, kisha katikati ya Desemba kwenye maabara yoyote nzuri, huko wanakiita CBC, kisha ukirudi tu. Piga picha karatasi nzima, yenye chembe nyeupe zilizochambuliwa na chembe sahani, umtumie kliniki kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Mtu asiyezoea wagonjwa wa dawa hii akiona chembe nyeupe ziko chini kidogo anaweza kukusimamishia dawa, au asione tatizo pale lilipo. Daktari wako akuandikie kwenye barua ileile viwango ambavyo zikishuka chini yake unaacha kumeza mpaka mzungumze. Na ukisahau dozi ya usiku, siku inayofuata unameza mbili zako za kawaida, usiongeze za jana. Omani wako mbele yetu saa moja tu, kwa hiyo muda wako wa kumeza hautabadilika sana.